Kifaransa kwa Mwanafunzi wa Palma: Faida Haiko Kwenye Gesi

Ukiwasikiliza wazazi wa Palma na Mocímboa da Praia, pwani ya Cabo Delgado nchini Msumbiji, wakiwashauri watoto wao juu ya masomo, Kifaransa huja na sababu moja tu: wenye gesi ni Wafaransa. Septemba 2019 Total ilinunua hisa za Anadarko katika mradi wa gesi wa Afungi, karibu na Palma, asilimia 26.5, kwa dola bilioni 3.9, na tangu hapo Ufaransa imekuwa ikitajwa barazani kuliko wakati wowote. Basi mtu anasema: mtoto akijua lugha ya tajiri, kazi ataipata.

Hoja hiyo imebisha mlango usio wake. Afungi haijengwi kwa Kifaransa. Kandarasi kuu ya ujenzi ilipewa muungano wa Saipem ya Italia, McDermott ya Marekani na Chiyoda ya Japani. Watu wa nchi tatu hizo wakikutana husemezana kwa Kiingereza, na wakienda kwenye ofisi za serikali ya Msumbiji hudaiwa Kireno. Mchomeleaji mwenye Kifaransa kizuri na Kiingereza cha kuombea maji hatapita getini. Tena mradi wenyewe ulisimama baada ya waasi kuishambulia Palma tarehe 24 Machi 2021, ukakaa hivyo hadi mwishoni mwa 2025. Kijana aliyeanza Kifaransa 2019 kwa ajili ya Total angemaliza sekondari yake yote na bado angekuwa anasubiri.

Nimeanza na hilo kwa sababu tumaini la ajira ya gesi limefunika faida nyingine ambazo ni kubwa zaidi, na kwa mwanafunzi wa pwani hii ziko karibu kuliko kwa mwanafunzi wa Maputo au wa Dar es Salaam.

Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, SADC, ina lugha rasmi nne: Kiingereza, Kireno, Kifaransa na, tangu mkutano wa wakuu wa nchi uliofanyika Dar es Salaam Agosti 2019, Kiswahili. Umoja wa Afrika nao unazo zote nne, pamoja na Kiarabu na Kihispania. Sasa tafuta mahali ambapo Kiswahili na Kireno vinakaa kinywani mwa mtu mmoja bila kulazimishwa. Tanzania hakuna Kireno, Maputo hakuna Kiswahili. Mahali penyewe ni huku, kuanzia mdomo wa Ruvuma, Kionga, Palma na Mocímboa, hadi visiwa vya Kirimba. Mtoto anaamka na Kimwani, Kimakwe au Kimakonde, anakwenda sokoni kwa Kiswahili, chuoni anasoma herufi za Kiarabu, shuleni anakutana na Kireno. Kiingereza shule itamdai apende asipende. Akiongeza Kifaransa tu, ameshika lugha zote nne za SADC, na mbili kati ya hizo ni zile ambazo wakalimani wa mikutano ni nadra sana kuwa nazo pamoja.

Anayefahamu kazi ya ukalimani ataelewa uzito wake. Pasipo mtu wa kutoa maneno katika Kiswahili na kuyapeleka moja kwa moja kwenye Kireno au Kifaransa, maneno hupitishwa kwanza kwenye Kiingereza, mkalimani akimsikiliza mkalimani mwenzake badala ya kumsikiliza msemaji. Kila hatua inapunguza kitu. Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane kina shahada ya tafsiri na ukalimani kati ya Kifaransa na Kireno. Wanaoingia pale wakiwa na Kiswahili cha kuzaliwa nacho ni wa kuhesabu. Hapo ndipo mtoto wa Palma anapokuwa mbele ya mwenzake wa mji mkuu, na sijui mahali pengine pengi ambapo anakuwa mbele.

Tazama ramani kwa jicho la nahodha badala ya jicho la dereva. Kutoka Pemba kwenda Maputo kwa barabara ni zaidi ya kilomita 2,000. Kutoka pwani ya Cabo Delgado hadi Ngazija ni kama kilomita 300. Mbele kuna Mwali, Nzuani na Maore (Mayotte), kisha Bukini (Madagaska), na mbali zaidi Réunion na Mauritius. Majirani wote hao wa mashariki wana Kifaransa ofisini, hospitalini, chuo kikuu au magazetini. Mmwani akifika Ngazija akasikia watu wakizungumza, atashika mengi, kwa maana Kingazija na Kiswahili ni ndugu. Ila akitaka kusajili mzigo, kusoma cheti cha hospitali au kufuatilia hati ya ndoa ya binti yake aliyeolewa huko, karatasi anayopewa imeandikwa Kifaransa. Undugu wa lugha humfikisha sebuleni, makaratasi yanabaki nje ya uwezo wake.

Hapa niweke tahadhari moja kuhusu Maore. Kisiwa hicho ni mkoa kamili wa Ufaransa tangu 2011, na tangu 1995 Mkomoro wa visiwa vingine hawezi kuingia bila viza. Watu wengi wamekufa maji katika boti za kwasa-kwasa wakivuka kutoka Nzuani. Kujua Kifaransa hakumfanyi mtu awe na kibali, na anayemwambia mwanafunzi ajifunze lugha ili apande boti ile anamdanganya.

Faida ambayo ningependa kila mwalimu wa pwani aitaje darasani ni ya kimbunga. Vimbunga vya kusini magharibi mwa Bahari ya Hindi hufuatiliwa na kituo cha Météo-France kilichoko Réunion, ambacho Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilikipa jukumu hilo mwaka 1993. Kituo hutoa taarifa zake za kitaalamu kwa Kifaransa na Kiingereza, na idara ya hali ya hewa ya Msumbiji, INAM, huzitumia pamoja na vipimo vyake kutoa tahadhari kwa Kireno. Lakini kabla kimbunga hakijatufikia, mara nyingi kimeshapita kwa watu wanaosema Kifaransa. Kimbunga Kenneth kilipita kaskazini mwa Ngazija usiku wa tarehe 24 Aprili 2019. Jioni ya tarehe 25 kilikuwa kimeshapiga pwani kaskazini mwa Pemba, na kisiwa cha Ibo kikabaki bila paa.

Kimbunga Chido kinafundisha zaidi. Usiku wa Ijumaa, tarehe 13 Desemba 2024, Maore iliwekwa katika tahadhari nyekundu, maana yake watu wote wajifungie ndani. Asubuhi ya Jumamosi wakapandisha hadi zambarau, rangi ambayo ikitangazwa hata vikosi vya uokoaji havitoki. Kwenye kiwanja cha ndege cha Pamandzi upepo ulipimwa ukifikia kilomita 226 kwa saa. Redio na simu za kisiwa kile zilikuwa zikiyasema hayo kwa Kifaransa na Kimaore hadi mitandao ilipokatika. Asubuhi ya Jumapili, tarehe 15, Chido kikaingia Mecúfi, kusini kidogo ya Pemba. Kwa hesabu ya serikali, waliokufa Msumbiji walifika 120.

Katikati ya zambarau ya Maore na mapaa ya Mecúfi kulikuwa na karibu siku nzima. Mwanafunzi wa darasa la 11 mwenye Kifaransa cha wastani, mwenye simu na vocha kidogo, angeweza kusoma taarifa ya Maore siku ile na kuelewa maneno yasiyozidi ishirini: upepo, mvua, mawimbi, kaskazini, magharibi, kasi, saa, jicho la kimbunga, jifungieni. Angemwambia baba yake asitoe mashua, na shangazi yake ahamie nyumba ya matofali. Tahadhari za INAM zilitoka, sisemi hazikutoka. Lakini kusikia kwa masikio yako kwamba mji mzima wa ng'ambo umeangushwa ni habari ya namna nyingine. Tahadhari husema kitu kinakuja; habari ya jirani husema kimefika, na kimefanya hivi. Darasa la Kifaransa linaloanza na mazungumzo ya mkahawa wa Paris lingeweza kuanza na taarifa ya hali ya hewa ya Maore, na wanafunzi wangejifunza kwa haraka zaidi kwa kuwa wanajua linalozungumzwa.

Jambo la pili ninalotaka kukaa nalo ni la mahakama. Machi 2021 Palma iliposhambuliwa, waliouawa walikuwa wenyeji na wageni. Oktoba 2023 baadhi ya manusura na jamaa za waliofariki walipeleka malalamiko Ufaransa dhidi ya TotalEnergies, jina jipya la Total, na Machi 2025 uchunguzi wa kimahakama ukafunguliwa Nanterre, pembeni mwa Paris, juu ya kuua bila kukusudia na kutosaidia walio hatarini. Novemba 2025 shirika la ECCHR la Berlin likawasilisha malalamiko mengine Ufaransa kuhusu raia wanaodaiwa kushikiliwa na kuteswa na askari wa Msumbiji karibu na Afungi mwaka 2021. Kampuni inakanusha yote, na mahakama ndiyo itakayosema. Zaidi ya hayo, sheria ya Ufaransa ya tarehe 27 Machi 2017 inazilazimisha kampuni kubwa za nchi hiyo kuchapisha kila mwaka mpango wa kuzuia madhara kwa watu na mazingira popote zinapofanya kazi, pamoja na kwa wakandarasi wao.

Kwa hiyo kuna majalada Ufaransa yanayohusu Palma, vijiji vyake na maiti zake, na lugha ya majalada hayo si ya mtu yeyote wa Palma. Sheria ya Ufaransa inamruhusu aliyeumizwa aingie katika kesi ya jinai kama mdai. Ruhusa hiyo ina thamani gani kwa mtu asiyeweza kusoma barua anayoandikiwa na hakimu?

Chukua mfano wa mama aliyehamishwa kupisha mradi wa gesi, kutoka kijiji cha Kitupo kwenda Quitunda, anayeeleza alichopoteza. Anataja minazi na mikorosho, hilo ni rahisi, miti inahesabika. Kisha anataja kuokota chaza na kome wakati wa bamvua, maji yakitoka mbali, kazi ya wanawake ambayo haina hati wala mipaka. Anasema kwa Kimakwe. Mtu mmoja anaigeuza Kireno, mwingine anaitoa Kireno na kuiandika Kifaransa, na kwenye ukurasa inabaki kwamba "alikuwa akivua". Kuvua ni kazi yenye chombo na leseni, na ataulizwa leseni yake iko wapi. Mkalimani aliyezaliwa Palma, mwenye Kifaransa, angeuliza swali la pili kabla ya kuandika, kwa kuwa mama yake pia alikuwa akienda ufukweni na kapu maji yakitoka.

Jean-Christophe Rufin, daktari na mwandishi Mfaransa, alitumwa na TotalEnergies yenyewe kuja kuchunguza hali ya Palma, Afungi na Mocímboa. Ripoti yake ilichapishwa Mei 2023, ikataka fidia zisizokamilika zimalizwe na ikakosoa malipo ya moja kwa moja kwa askari waliokuwa wakiulinda mradi. Kampuni iliupa mpango wake wa maendeleo ya jamii jina la Kiswahili, Pamoja Tunaweza. Jina zuri. Ningependa vijana wa huku nao waweze kusoma yanayosemwa juu yao magazetini Paris na kujibu kwa lugha ileile.

Mwanafunzi wa historia ana sababu zake. Karne ya 18 wafanyabiashara wa Kifaransa kutoka Mauritius, wakati ule ikiitwa Île de France, na kutoka Réunion, iliyoitwa Bourbon, walikuja Kilwa na Ibo kununua watumwa. Mmoja wao, Morice, alitia saini mkataba na Sultani wa Kilwa mwaka 1776 wa kupata watumwa 1,000 kwa mwaka. Ufaransa ilifuta utumwa Réunion Desemba 1848, na watu wapatao 62,000 wakawa huru, wengi wao asili yao ikiwa pwani hii na Bukini. Biashara ikabadilishwa jina, ikaitwa ya vibarua wa mkataba. Novemba 1857 Wareno waliikamata meli ya Kifaransa Charles et Georges katika Ghuba ya Conducia, karibu na Kisiwa cha Msumbiji, ikiwa na Waafrika zaidi ya 100. Mwaka uliofuata Napoleon wa Tatu alipeleka manowari Lisbon, na Ureno ikalazimika kuirudisha meli na kulipa. Nyaraka za habari hizi ziko Saint-Denis ya Réunion na kwenye hifadhi ya makoloni huko Aix-en-Provence. Upande wa Wareno tumeusoma kiasi. Upande wa pili wa bahari, ambako watu wetu waliteremshwa na kupewa majina mengine, hausomeki kwa Kireno.

Na kama mtu anadhani Kifaransa ni kitu kigeni katika siasa ya nchi hii, amkumbuke Marcelino dos Santos. Alizaliwa Lumbo, mji wa pwani ya Nampula, mwaka 1929, akasoma Lisbon kisha Paris, na Aprili 1961 huko Casablanca akachaguliwa katibu mkuu wa CONCP, chombo kilichounganisha vyama vya ukombozi vya makoloni ya Ureno. Wapiganaji wa mwanzo wa FRELIMO, Samora Machel akiwemo, walipata mafunzo Algeria. Wakati ule aliyekuwa na Kireno peke yake hakuwa na mwenyeji wa kuongea naye Casablanca wala Algiers.

Gharama je? Kwa anayetoka kwenye Kireno, Kifaransa ni nafuu. Sarufi inafanana, vitenzi vinanyambuliwa kwa mtindo mmoja, na maneno ya darasani, ya sheria, ya sayansi na ya utawala kwa sehemu kubwa yametoka shina moja la Kilatini: yaliyoishia -dade yanaishia -té, yaliyoishia -ção yanaishia -tion. Shida iko kwenye matamshi. Kifaransa kinaandika herufi nyingi kisizozitamka, na mtu wa Kiswahili amezoea kutamka kila anachokiona. Mwanafunzi wetu atasoma vizuri mapema, kisha ataona aibu kusema. Dawa ni masikio. Radio France Internationale ina taarifa ya habari ya dakika kumi kwa Kifaransa chepesi, na idhaa yake ya Kiswahili inatangaza habari zilezile za dunia. Sikiliza ya Kiswahili kwanza, kisha ya Kifaransa. Na kwenye kituo cha wakimbizi cha Maratane, karibu na Nampula, kuna Wakongo na Warundi wenye Kiswahili na Kifaransa vyote viwili. Shule ya Nampula au Pemba inayolalamika kwamba haina mwalimu ingeanza kuulizia pale.

Usomi wa juu nao una hesabu yake. Mwaka 2019 Ufaransa iliweka katika vyuo vikuu vyake vya umma ada ya yuro 2,770 kwa mwaka kwa shahada ya kwanza na 3,770 kwa uzamili kwa wanaotoka nje ya Ulaya, na vyuo vingi vimekuwa vikiwapunguzia. Si fedha ndogo kwa mtoto wa mvuvi, ila ukilinganisha na Uingereza ni tofauti ya mbingu na ardhi. Chuo kinachofundisha kwa Kifaransa hutaka cheti, mara nyingi DELF ya daraja B2, na cheti hicho hakina mwisho wa matumizi. Akikipata akiwa na miaka 18, anacho hadi uzeeni.

Wapo watakaosema lugha hiyo inazama. Wana ushahidi: Rwanda ilihamisha shule zake kwenda Kiingereza 2008, Mali na Burkina Faso zimekishusha Kifaransa hadhi, na Machi 2025 nchi hizo mbili pamoja na Niger zilitangaza kujitoa katika shirika la nchi zinazotumia Kifaransa. Sikatai. Lakini Bamako na Ouagadougou ziko upande mwingine wa bara. Moroni, Antananarivo, Mamoudzou na Kinshasa hazijahama, na ndizo za bahari yetu na za SADC. Wala simshauri mtu aache Kiingereza. Kama nguvu za mwanafunzi zinatosha lugha moja tu ya kigeni, achukue Kiingereza, mjadala uishe.

Kifaransa nchini Msumbiji ni somo la sekondari, pale ambapo mwalimu yupo. Katika wilaya za kaskazini, ambako vita vilivyoanza Mocímboa tarehe 5 Oktoba 2017 vilichoma shule na kuwatawanya walimu, mara nyingi hayupo. Nawaomba wakurugenzi wa elimu wa Palma na Mocímboa waombe mwalimu mmoja kwa kila wilaya, na fedha za maendeleo ya jamii zinazotajwa kila mwaka Afungi zimlipe nyumba. Na wewe unayemaliza darasa la 10 mwaka huu: ukikuta somo hilo kwenye orodha, liandike.